Usiku Arobaini na Saba Nje ya Nyumba ya Hembrow

Jumatano, tarehe 22 Januari 2025, saa tano kasoro robo asubuhi, niliingia nyumbani kwangu na sanduku moja, viatu vikiwa bado na udongo wa Rombo, nikakanyaga barua.

Watu wanaonipa pole hudhani siku yangu mbaya ni ile aliyokufa mke wangu Sesilia, tarehe 12 Novemba. Ile iliniumiza, lakini ilikwenda kama inavyotakiwa kwenda. Alikufa kitandani kwake, padri ameshampaka mafuta, mkono wake umo ndani ya mkono wangu, na neno lake la mwisho lilikuwa la kunigombeza kwamba chai haina tangawizi. Mambo yangu yaliharibika siku hii ya barua.

Shule niliishia darasa la tano. Kiingereza cha kusafishia korido za hospitali ninacho, kimenitosha miaka ishirini na sita, ila barua zilikuwa kazi ya Sesilia. Kwa hiyo nilikaa na koti langu, nikaipiga picha ile barua, nikamtumia mwanetu Noel, anayekaa Walthamstow na mke na watoto wawili kwenye vyumba viwili. Halafu nikampigia.

"Dad," akasema, kisha akaendelea kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, lakini mdomo wake ulizaliwa hapa. Akasema barua ni ya tarehe 6 Januari, imetoka kwa bodi ya wadhamini, na bodi inasema nimeihama nyumba.

"Nimeihama kwenda wapi? Si niko hapa, nimekalia kiti changu?"

Kuna kanuni, akasema. Kanuni ya tisa. Mkazi akilala nje zaidi ya usiku ishirini na nane kwa mwaka bila ruhusa ya maandishi, amepoteza nyumba. Wewe umelala nje arobaini na saba.

Nyumba zenyewe ziko Tottenham, hapa London, kumi na mbili, za matofali mekundu, zimeuzunguka ua wenye mti mmoja na mabenchi mawili. Alizijenga tajiri mmoja wa zamani, Josiah Hembrow, mwaka 1891, kwa ajili ya wazee waliofanya kazi za mikono. Alikuwa na kiwanda cha vanishi, ile ya kung'arisha magari ya farasi na piano za matajiri wenzake. Huku kwetu Hembrow ni kama mtakatifu. Kuna barabara ya Hembrow na ukumbi wa Hembrow, na birika alilowawekea farasi maji, ambalo siku hizi limepandwa maua. Kuna chekechea aliyoianzisha binti yake, Augusta, kwa watoto wa wanawake wa kiwandani, wakati ambapo hakuna mwenye kiwanda aliyefikiri kwamba mwanamke anayemfanyia kazi ana mtoto. Kila Juni wadhamini wanakuja, tunapewa keki, na mwenyekiti wao anasimama chini ya picha ya mzee mwenye ndevu anaisifu familia ya Hembrow kana kwamba ni shangazi zake. Sesilia alikuwa akininong'oneza, "Piga makofi, Telesphor. Paa ni lao."

Tulipewa namba saba mwaka 2016, goti lake lilipokataa ngazi za ghorofani tulikokuwa tukikaa. Kabla ya hapo alikuwa ameinua wagonjwa wa watu miaka ishirini na mbili. Lile goti halikujiharibu lenyewe.

Siku ileile nilikwenda ofisini. Meneja wetu anaitwa Marion, ni Mkenya, mtu wa Nyeri. Alipoanza kazi miaka mitatu iliyopita nilimshukuru Mungu, nikasema tumepata mwenzetu. Mwenzetu!

"Mzee Telesphor, pole sana. Mlizika salama?"

"Tulizika. Hii barua ni ya nini?"

"Si nilikuambia ujaze ile fomu kabla uende?"

"Uliniambia. Na mimi nikakuambia nakwenda kumzika mke wangu. Ukalia hapahapa ulipokaa."

"Nililia, ndio. Lakini kulia kwangu bodi haiwezi kukuweka kwa faili."

"Kwenu Nyeri mtu akifiwa anajaza fomu?"

"Kwetu Nyeri hakuna kitufe, Mzee."

Kitufe kiko karibu na kitanda katika kila nyumba. Kabla ya saa nne asubuhi unakibonyeza, wajue hujafa. Changu hakikubonyezwa asubuhi arobaini na saba. "Kompyuta ndiyo imehesabu," akasema Marion. "Mimi sijahesabu kitu."

"Blandina wa namba nane nilimwachia ufunguo. Alikuwa anafungua mapazia asubuhi, jioni anawasha taa. Nyumba haikulala giza hata siku moja."

"Sasa Blandina anaweza kukulalia?"

Kwetu unapofiwa, unamwambia jirani na unamwambia mkubwa wa mahali, basi, umeaga. Hakuna binadamu anayeomba ruhusa ya kulia. Nilimwambia Blandina, nikamwambia Marion, nikaona nimemaliza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

La pili nililifanya kwetu Rombo, na sikulifanya peke yangu. Mwili ulikaa London siku ishirini na nne. Daktari aliandika mwaka wa kuzaliwa wa Sesilia kimakosa kwenye cheti, cheti kikarudishwa, ofisi moja ikasubiri nyingine, na ndege nayo ikasema sanduku halina nafasi wiki hii. Tuliondoka tarehe 6 Desemba, tukazika tarehe 10, kihambani kwetu, kwenye shamba la migomba la ukoo. Baada ya mazishi ukoo ukakaa kupanga arobaini. Ihesabiwe tangu siku aliyokufa, au tangu siku aliyozikwa? Wengine wakasema tangu kufa, ndivyo ilivyo siku zote. Kaka yangu mkubwa, Baba Haika, akasimama na fimbo yake.

"Mtu aliyekaa kwenye friji ya Wazungu siku ishirini na nne hajafika kwao," akasema. "Sesilia amefika leo. Tutahesabu tangu udongo ulipomfunika."

Wote wakasema ni kweli. Mimi pia nilisema ni kweli, na moyo wangu ulitulia kidogo kwa mara ya kwanza. Kama tungehesabu tangu kufa, arobaini ingeangukia kabla ya Krismasi, na sikukuu ningekuwa Tottenham nabonyeza kitufe. Tulihesabu tangu udongo. Misa ikawa tarehe 18 Januari, siku moja baada ya kulijengea kaburi saruji na kusimamisha msalaba, maana mume haondoki akaacha kaburi la udongo mtupu. Noel alikuwa amerudi London zamani, wiki ya mazishi yenyewe, kazi zilimwita.

Bodi ilipanga kunisikiliza Alhamisi, tarehe 13 Februari. Katikati hapo nilikwenda baraza la mtaa. Kijana wa dirishani akaniambia nikitolewa kwa kuvunja kanuni nitahesabiwa nimejikosesha makazi mwenyewe, kwa kutaka. Kwa kutaka! Nikamuuliza kama na mke wangu nilimuua kwa kutaka. Akaniita namba inayofuata.

Nilikuwa sina tena pa kwenda isipokuwa kwa Sadrudin. Yeye alizaliwa Moshi, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na sasa yuko Kingsbury kwa mwanawe mwenye duka la viungo barabarani. Tulijuana akiwa amelazwa, mimi napiga deki chini ya kitanda chake, akanisikia nikijisemea Kichaga. Akaniambia, "Wewe wa Rombo au wa Kibosho?" Tangu siku hiyo ni ndugu yangu. Ana miaka themanini na mmoja na anasoma Kiingereza kama hakimu.

Nilimkuta nyuma ya duka amekaa juu ya gunia la mchele. Akaisoma barua, akavua miwani.

"Mchaga gani wewe, umeshindwa kuhesabu mpaka ishirini na nane?"

"Usinitanie leo, Bwana Sadru."

"Nisipokutania utalia, na mwanangu anachukia watu wanaolia mbele ya wateja." Akaigeuza barua, akatazama ile picha ya mzee mwenye ndevu iliyochapwa juu. "Huyu ndiye wa vanishi? Ya mwaka gani?"

"Ya zamani. Ya malkia wao yule mnene."

"Basi ni sandarusi! Babu yangu alikuwa akinunua sandarusi Bagamoyo. Watu wetu waliichimba ardhini, Wahindi tukaiosha, Waingereza wakaichemsha na mafuta wakapaka magari yao. Huyu mzee wako ametajirika kwa utomvu wa kwenu, Telesphor, halafu anakuhesabia siku." Akasimama. "Mtu akikuhukumu kwa jina la babu yake, nenda kamuulize babu. Lazima aliacha makaratasi."

Aliacha. Yamo kwenye chumba cha kumbukumbu cha mtaa, juu ya maktaba, ambako hakuna anayepanda. Tulikwenda siku tatu, Sadrudin na kikohozi chake, mimi na chupa ya chai tuliyokatazwa kuifungua. Yeye alisoma, mimi nilifunua kurasa, maana vidole vyake vinatetemeka. Siku ya tatu alikuta daftari la kiwanda la mwaka 1884. Mwandiko haukuwa wa Hembrow. Ulikuwa wa binti yake, Augusta, na wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

"Sikiliza," akasema Sadrudin, akishusha sauti. "Hembrow alikuwa na kijana, Edwin. Alimtuma Unguja kununua sandarusi. Akafa kwa homa kulekule."

"Masikini."

"Ngoja. Machi mzee akapanda meli kwenda Unguja. Akakuta wameshazika. Unajua alifanya nini? Alikaa. Hii hapa barua yake, binti ameibandika daftarini. Anasema, siwezi kuondoka kabla jiwe halijasimama juu ya mwanangu. Alikaa kaburini usiku tisini na tatu, Telesphor! Ukiongeza safari, alirudi Septemba."

Sijui kwa nini machozi yalinitoka kwa ajili ya Mzungu aliyekufa miaka mia na zaidi iliyopita. Nilimwona amekaa kwenye jua la Unguja, na kofia yake, akiwasubiri mafundi wa jiwe, kama mimi nilivyowasubiri mafundi wa saruji. Nikasema, tumepona. Sadrudin naye alisema tumepona. Tukatoka, tukanunua chapati tukala kituoni kama watoto.

Alhamisi ilifika. Noel aliomba ruhusa kazini, ya maandishi, akaja kunitafsiria. Walikuwa watu watano upande mmoja wa meza ndefu, Marion pembeni na faili. Mwenyekiti ni mama mwembamba, nywele nyeupe, sauti laini kama ya mtu anayekufunga bendeji. Akanipa pole. Akasema wote wamehuzunika. Nimeishi hapa muda wa kutosha kujua wakianza kwa kuhuzunika, tayari wameshaamua.

Nikasimama. Nilivaa suti ya mazishi, sina nyingine.

"Mheshimiwa mama," nikasema, "mimi sikuhama. Nilikwenda kumzika mke wangu kwa udongo wa kwetu na nikasubiri kaburi lijengwe. Mzee Hembrow alifanya hivyohivyo. Alikwenda kwetu sisi, kwenye nchi yetu, akakaa usiku tisini na tatu kwenye kaburi la mwanawe. Hakuna aliyesema amehama. Alirudi, akawa mtu mwema, akajenga nyumba hizi. Mimi nimekaa nusu yake. Mnaninyang'anya nyumba kwa jambo lililomfanya yeye mtakatifu?"

Noel alitafsiri vizuri, hata sauti alipandisha. Mmoja wa wadhamini akainamisha kichwa. Marion akafuta jicho, safari hii tena. Nikafikiri, Sesilia, paa letu limesimama.

Mwenyekiti akatabasamu. Akasema wanalijua daftari hilo. Yeye mwenyewe ameandika kijitabu juu ya familia ile, na anafurahi sana kwamba mkazi amejitahidi kuisoma historia. Kisha akafungua kitabu chenye jalada la ngozi na kunieleza jambo ambalo mimi na Sadrudin hatukulifikia, kwa sababu tulikwenda kula chapati. Mzee Hembrow akiwa Unguja, mwezi Juni, chungu cha vanishi kilishika moto kiwandani. Wanaume wawili waliungua. Binti alikuwa peke yake, akamwaga mchanga kwa mikono yake mpaka akaungua vidole, akawauguza, akalipa, akasimama mbele ya hakimu akajibu kwa niaba ya baba asiyekuwepo. Miaka saba baadaye, nyumba zilipofunguliwa, baba alitaka wakazi wawe huru kwenda na kurudi. Augusta akakataa. Kanuni ya tisa aliitunga yeye.

Mwenyekiti akasoma maneno ya Augusta kwenye kumbukumbu za kikao cha kwanza, polepole, ili Noel apate kuyageuza:

"Nimeiona nyumba iliyoachwa na mwenyewe kwa sababu ya msiba. Walio hai ndani yake ndio walioachwa."

Noel alifikia "walio hai" akanyamaza. Nikamtazama. Alikuwa anatazama mikono yake. Nikakumbuka kwamba yeye alirudi peke yake wiki ya mazishi, akafanya Krismasi ya kwanza bila mama na baba hayupo, na kwenye simu kila jioni alikuwa ananiuliza utarudi lini, Dad, na mimi namwambia tunahesabu tangu udongo. Sikuwahi kumuuliza yeye anahesabu tangu lini.

"Malizia," nikamwambia.

"Nimemaliza," akasema, kwa Kiswahili. Sikuwa nimemsikia akisema neno la Kiswahili tangu akiwa na miaka saba.

Mwenyekiti alifunga kitabu. Akasema wao ni watunzaji tu, hawawezi kuvunja walichokabidhiwa. Hivyo ndivyo wakubwa walivyo. Mwenye mamlaka akiwa hai anakuambia ni sheria, na akikosa sheria anakuambia ni marehemu. Huyu mama angeweza kuandika mstari mmoja na kalamu ile iliyokuwa mbele yake. Augusta aliungua vidole kupata haki ya kuwa na hasira. Huyu ameungua wapi?

Lakini kabla hawajanyanyuka niliinua mkono. Nikamwomba Noel atafsiri swali moja tu, na Noel akalitafsiri. Wakatazamana. Mwenyekiti akasema ni swali zuri, hajui, atawauliza wanaohusika na historia, nitajibiwa kwa barua.

Barua iliyokuja ilikuwa ya kunipa mpaka Jumatano, tarehe 30 Aprili, kurudisha funguo. Swali haikuligusa. Nilimuuliza Marion, akasema, "Mzee, mimi hiyo sina, hiyo haiko kwa mfumo." Sadrudin alirudi peke yake maktaba na kikohozi chake kuitafuta siku aliyorudi mzee Hembrow, akaipata. Tarehe 11 Septemba 1884 Augusta ameandika kwamba meli ya baba imeonekana na kesho atafika. Tarehe 12 ameandika mafuta mapipa manne, moto mdogo, mvua. Tarehe 13, mapipa matatu. Baba hatajwi hata kwa herufi moja, mpaka mwezi unaisha.

Leo ni tarehe 24 Aprili. Nguo za Sesilia ziko kitandani, nimezikunja. Kwa desturi ni dada yake Anastasia anayetakiwa kuzigawa, na Anastasia amenyimwa viza mara mbili, kwa hiyo sizigusi zaidi ya kuzikunja. Noel anasema niende kwake nilale sebuleni, watoto watazoea. Alikuja jana na maboksi. Hatukuzungumza sana. Alibandika gundi, mimi nikashika kona, na alipokuwa anatoka alisimama mlangoni kwangu kwa muda, mkono kwenye kitasa, kama mtu mwenye neno, kisha akaenda kuwahi basi.

Kila asubuhi kabla ya saa nne bado nabonyeza kitufe. Kompyuta yao inajua nipo. Na kila nikibonyeza namwona yule mzee wa vanishi siku ile ya mvua, ametoka kaburini kwa mwanawe, ameshusha sanduku lake mbele ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, anagonga. Ndani yuko binti yake mwenye vidonda vya moto mikononi, na anausikia mlango. Ndilo swali nililowauliza, wale watano na kitabu chao cha ngozi: Je, alimfungulia?